Niteremshe Kwenye Nguzo

Kessler Gap, Pennsylvania
1 Juni 2009

Mpwa wangu Curtis,

Zipokee salamu za mjomba wako Emil, nimezijaza gunia na kulifunga kamba. Mimi mzima, ila goti la kulia siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako anaendelea. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nampeleka kwenye mashine ya figo, wanamchuja damu saa nne nzima kama chai, anatoka amechoka mwili lakini ulimi haujachoka. Jana kaniambia nimenenepa. Nikamjibu, Verna dada yangu, huu si unene, hii ni akiba. Kanisani wamekanda pierogi, zile sambusa za kuchemsha, dazeni mia mbili, mimi peke yangu nimeonja dazeni mbili ili watu wasije wakadhurika.

Sasa kaa. Umekaa? Kama huko kiwandani Alaska hamna kiti, kalia kopo la samaki.

Mjini wametundika mabango ya mashujaa. Barabara Kuu yote, kuanzia benki hadi kituo cha zimamoto, kila nguzo ya taa na askari wake. Familia inapeleka picha, kamati inachapisha. Niliposikia nikasema: mimi Emil Kovalik, niliyeendesha lori majimbo arobaini na nane na Kanada yote isipokuwa kule barabara ilikokata tamaa, nitashindwa na kamati ya akina mama watano? Nimekupatia nguzo bora kuliko zote, mbele kabisa ya kliniki ya figo! Mama yako akishuka garini, wewe huyo, urefu wa mtu mzima, na kofia yako ya jeshi, na kile kidevu cha ukoo wetu.

Ngoja, bado. Nilifungua lile sanduku ulilolisahau chini ya ngazi kutafuta picha, nikakuta hati ya nishani. Wewe mtoto! Miaka minne unanificha nishani! Nimewaambia waiandike chini ya uso wako kwa herufi za dhahabu: CURTIS DORSHA, NISHANI YA USHUJAA, IRAKI, 14 SEPTEMBA 2005. Hakuna mwingine mwenye tarehe mji mzima. Burdette wa duka la matairi, mwanawe yuko nguzo ya mbali kule kwenye maegesho, kabaki kakodoa macho.

Na klabuni je? Unajua sheria ya klabu ya askari wastaafu: ambaye hakuvaa sare haketi kaunta. Anajiandikisha kwenye daftari la wageni, anakaa meza ya nyuma karibu na choo. Nyayo zangu bapa zilikataliwa na jeshi, kwa hiyo miaka thelathini na mmoja nimekuwa mgeni katika mji niliozaliwa. Jumamosi Walt Petrick kapiga kofi kile kiti kirefu, kasema, "Emil, panda hapa. Wewe mjomba wa shujaa." Nimepanda, mpwa wangu. Kumbe kile kiti kinazunguka.

Njoo Novemba kabla hawajayashusha mabango. Mama yako hasemi, lakini anataka kukuona.

Wako kwa damu na kwa kelele,
Mjomba Emil


Kiwandani, Ghuba ya Sable, Alaska
29 Juni 2009

Mjomba Emil,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Mimi sijambo. Samaki ni wengi, tunafanya kazi saa kumi na sita kwa siku, na hilo ni jema, mtu akichoka hivyo hana nafasi ya kufikiri. Mvua haikatiki. Ndege ya barua huja Alhamisi mawingu yakitaka, ndiyo maana barua yako nimeipata juzi tu. Mwambie mama soksi zimefika na zinanitosha.

Tafadhali teremsha lile bango.

Sina zaidi.
Curtis


Kessler Gap
14 Julai 2009

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeigeuza nyuma, nimeimulika kwenye taa, natafuta maneno mengine yalikokwenda. Yaani kutoka Alaska mpaka hapa stempu imesafiri kubeba mistari minane? Mimi nikiandika kidogo hivyo watu huita daktari.

Hatujambo. Joto limezidi, nyanya za mama yako zimekubali, sungura wamezikubali zaidi.

Sasa hili la kuteremsha. Unyenyekevu ni mzuri, lakini waachie masista wa kanisani. Hujui unachoniomba. Mama yako akishuka garini asubuhi anasimama chini ya ile nguzo, anashika chuma, anasema kwa sauti, mbele za watu, "Habari za asubuhi, Curt. Umekula?" Siku moja muuguzi katoka mlangoni, yule mnene mcheshi, akamwambia, "Verna, mbona hakujibu?"

Mama yako akamwambia, "Hata kwenye simu alikuwa hajibu. Huyu angalau ananitazama."

Wote wawili wakacheka. Mimi nikajifanya natafuta ufunguo.

Kwa hiyo nimteremshe nani? Wewe uko mbali, aliye karibu naye ni yule wa kwenye nguzo. Njoo wewe uteremke kwenye ndege, ndipo na yule ateremke. Hayo ndiyo mapatano yangu, na mimi kwenye mapatano sijawahi kushindwa isipokuwa na wanawake na polisi wa Ohio.

Mjomba Emil


Ghuba ya Sable
20 Agosti 2009

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa joto. Mimi mzima. Nilijikata kidole kwenye mashine ya kukata vichwa vya samaki, kimepona.

Huu si unyenyekevu. Kama huwezi kuliondoa lote kwa sababu ya mama, basi kata sehemu ya chini. Ondoa tarehe. Uso uache kama lazima.

Msimu unakwisha. Kampuni inatafuta mlinzi wa majira ya baridi, mtu mmoja wa kukaa na majengo kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Aprili. Nimekubali. Kuna jiko la kuni, kuna jenereta, kuna bunduki kwa ajili ya dubu, na chakula cha kutosha. Kwa hiyo sitakuja Novemba. Siwezi kupita chini ya kitu kile, wala kumkumbatia mama mbele yake. Usimwambie sababu. Sema ni kazi.

Curtis


Kessler Gap
8 Septemba 2009

Curtis,

Salamu utazikuta chini huko kama zitabaki.

Mimi niliacha shule darasa la nane, tena hilo la nane lenyewe nilikuwa nachungulia tu. Lakini nimelala Montana kwenye lori, nimelala Yukon, na najua dubu hulala majira ya baridi yote. Nakuuliza mpwa wangu, bunduki ya dubu waliolala ni ya nini?

Usinijibu haraka. Nijibu kweli.

Mtoto wa Walt Petrick alirudi kutoka huko huko ulikokuwa. Akanenepa, akacheka, akanunua pikipiki. Novemba moja kamwambia mkewe anakwenda kutazama mitego ya sungura. Walt ndiye aliyemkuta. Klabuni kila mtu anasema ajali, na Walt anasema ajali, na mimi nasema ajali, tunaagiza bia nyingine. Sasa wewe unaniandikia kuni, jenereta na bunduki kama mtu anayeorodhesha vitu vya pikiniki.

Mama yako nimemwambia ni kazi. Kasema, "Kazi gani ya kulinda makopo matupu?" Siku mbili hizi anakula vijiko vitatu anasukuma sahani. Daktari amebadilisha dawa, kisha amebadilisha uso.

Nini kilitokea tarehe ile? Kama ni jambo la aibu, ni aibu gani inayopewa nishani? Nimekutunzia siri moja, ile karatasi ya Januari tuliyoapishana kuificha mimi na wewe mezani kwangu, na sijaitoa hata nikiwa nimelewa, na unajua nikilewa hata namba ya benki natangaza. Basi nipe na hii. Mfuko mmoja umejaa, wa pili mtupu.

Salamu zimebaki kidogo: kula, lala, nyoa ndevu.

Mjomba wako


Ghuba ya Sable
1 Oktoba 2009

Mjomba Emil,

Shikamoo. Wafanyakazi wengi wameondoka, tumebaki tisa, na kufikia mwisho wa mwezi nitabaki mimi. Theluji imeshafika nusu ya mlima.

Umeuliza. Nitaandika mara moja tu, na nakuomba usinijibu kwa utani.

Tulikuwa tunalinda kizuizi cha barabarani. Mbele ya kizuizi huwekwa kibao cha lugha yao na yetu: SIMAMA, UTAPIGWA RISASI. Kinatakiwa kiwe mbali, dereva akione mapema apunguze mwendo. Kibao kilikuwa kazi yangu. Siku hiyo upepo ulikiangusha. Kule kilikokuwa ardhi ilikuwa ngumu kama saruji na jua kali, nami nikakisimamisha upande wetu wa kona, kwenye kivuli cha ukuta. Dereva asingeweza kukiona mpaka amalize kona. Nilijua. Sajenti Ruddock naye aliona, akaniambia, "Dorsha, kisogeze kule ng'ambo ya kona."

Nikasema, "Sawa, Sajenti, nikimaliza kula."

Ilikuwa pakiti ya tambi. Ilikuwa imeshapata moto na sikutaka ipoe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Likaja gari jeupe lenye milango ya rangi ya chungwa, teksi ya kule. Lilikata kona, likakiona kibao na likatuona sisi kwa wakati mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na rashasha. Nilifanya kila nilichofundishwa, kwa mpangilio niliofundishwa, na sikukosa hata kimoja. Gari lilisimama hatua kumi kutoka kwetu. Ndani mlikuwa na mwanamume, mwanamke, mzee mmoja, na msichana wa miaka kama sita. Watatu walikuwa wamekwisha. Msichana alikuwa hai. Nilimtoa mimi. Alikuwa na mfuko wa nyanya na hakutaka kuuachia. Nilipombeba alinishika shingo kwa mkono mwingine, kama mtoto anavyomshika yeyote anayembeba. Hakujua ni nani aliyembeba. Helikopta ikamchukua. Nikauliza habari zake mara mbili, wakaniambia niache kuuliza, nikaacha. Hilo nalo nilikubali upesi.

Sajenti aliandika kwenye ripoti kwamba kibao kilikuwa mahali pake. Alitaka kunilinda, na ni mtu mwema. Lakini kama kibao kilikuwa mahali pake, basi dereva alikaidi, na kama dereva alikaidi, basi mimi niliokoa wenzangu saba. Anayeokoa wenzake saba hupewa nishani. Ndivyo nilivyoipata. Nilisimama mstarini nikavishwa.

Huko nyumbani mtu akinishika mkono sokoni akasema asante kwa kututumikia, huwa nasikia ladha ya zile tambi. Ndiyo maana nimekuja huku. Samaki hawashukuru.

Hiyo ndiyo tarehe uliyoandika kwa dhahabu, na mama anaisalimia mara tatu kwa wiki.

Kuhusu bunduki, sijui niseme nini. Ipo ukutani. Huwa naitazama.

Curtis


Kessler Gap
2 Novemba 2009

Mpwa wangu Curtis,

Barua yako niliisomea kwenye gari nje ya posta. Nilikuwa nimewasha injini. Nilipomaliza mafuta yalikuwa yamepungua robo tangi, na sikumbuki nilikuwa wapi. Wiki mbili nimeanza barua hii na kuichana. Nimegundua nikiondoa utani sina maneno mengi. Vumilia mwandiko.

Bango limeshuka.

Nilikwenda kwanza kwa Walt, yeye ndiye mkuu wa klabu. Akasema mabango ni mali ya mji, yatashuka yote pamoja baada ya sikukuu ya askari. Nikamwambia hili haliwezi kungoja. Akauliza kwa nini. Sikumwambia, hilo si langu kumpa Walt. Akasema, "Emil, mtu hashushi askari."

Nikasema, "Simshushi askari. Namshusha mpwa wangu."

Ijumaa saa tano asubuhi nikaegesha gari, nikasimamisha ngazi yangu ya alumini. Ungeniona! Tumbo upande mmoja, goti upande mwingine. Burdette kavuka barabara na kamera. Mama mmoja wa kamati ananiita msaliti, na mimi niko juu na bisibisi mdomoni siwezi hata kumjibu, na hiyo ndiyo adhabu kubwa niliyowahi kupata. Nikalikunja, nikashuka.

Nilichosahau, mpumbavu mimi, ni kwamba kliniki ina dirisha. Mama yako alikuwa amelala pale amefungwa mirija, hawezi kuinuka, na alikuwa anaona yote. Nilipoingia na lile bango kwapani akaniuliza, "Emil, umemfanya nini mwanangu?"

Curtis, nimevunja neno. Uliniambia nisimwambie. Nilivuta kiti nikamwambia kila kitu, kona, kibao, tambi, nyanya. Kisha nikamwambia na habari ya karatasi ya Januari. Mama yako miaka yote hii aliamini ulijiandikisha Aprili, baada ya kutimiza miaka kumi na minane, na kwamba hakuna aliyeweza kukuzuia. Nilimwambia hapana. Nikamwambia, Verna, wewe ulikuwa hospitali Pittsburgh, ulikuwa umeshamkatalia, mtoto alikuwa na kumi na saba na jeshi lilitaka sahihi ya mlezi, na mlezi wa makaratasi nilikuwa mimi. Nikatia sahihi.

Nawe nikwambie kitu ambacho hata mezani pale sikukuambia. Uliniomba, kweli. Ulinisihi siku tatu. Lakini mtoto wa miaka kumi na saba akiomba simba wa kufuga hapewi simba. Sikutia sahihi kwa sababu yako. Nilitia kwa sababu ya kile kiti cha kaunta. Nilitaka awepo mtu wa nyumba yetu ambaye wangemtaja, nami nikae karibu na jina lake. Na nilipotundika bango nilikuwa bado nataka jambo lile lile. Kadiri wewe ulivyokuwa shujaa, ndivyo sahihi yangu ilivyokuwa haki.

Mama yako hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga. Alingoja mashine imalize. Kisha akauliza kitu kimoja. "Yule msichana, jina lake nani?"

Nikasema sijui.

"Muulize Curt."

Basi nakuuliza, kwa niaba yake. Tangu siku hiyo hajanisemesha neno jingine. Chakula changu anakula, garini ananifuata, lakini ni kama nimekuwa dereva wa teksi. Klabuni nako hata daftari la wageni halinitaki tena, Walt ameniambia nipumzike kidogo nyumbani. Hilo haliniumi kama nilivyodhani. Kiti kile kilikuwa kinanipa kizunguzungu.

Sitakuambia hukukosea. Kibao ulijua, na mimi karatasi nilijua. Siwezi kukusafisha, kwanza nina mikono michafu. Nakuomba tu usikae na kitu kile ukutani. Daktari anasema mwili wa mama yako unaikataa mashine. Anasema labda Krismasi, labda si Krismasi. Bango halipo. Njia ni nyeupe. Njoo.

Kama unaweza kunisamehe, niambie. Kama huwezi, niambie pia, lakini uniambie ukiwa umesimama hapa.

Emil


Ghuba ya Sable
19 Novemba 2009

Mjomba Emil,

Shikamoo. Ndege haikuja majuma mawili kwa sababu ya theluji, barua yako nimeipata leo, na rubani amekubali kunywa kahawa kwanza ili niandike hii, aitume kwa posta ya haraka. Nimeongea naye, akaniitia kampuni kwa redio ya ndege. Kampuni imepata mlinzi mwingine huko mjini, mzee anayependa upweke kwa sababu zake mwenyewe. Alhamisi ijayo ndege itamleta yeye na kunichukua mimi, mawingu yakiruhusu. Bunduki nimempa rubani aondoke nayo leo. Nimemwambia ina kutu. Haina kutu.

Nilikaa na barua yako nikaikasirikia sana pale uliposema umemwambia mama. Nikaisoma tena. Hasira imebaki, lakini nimefunga mizigo nikiwa nayo.

Mwambie mama sijui jina la yule msichana. Kwenye ripoti waliandika "raia wanne". Mwambie nitamsimulia mwenyewe jinsi alivyokuwa, nguo yake, na viatu alivyovaa. Nakumbuka kila kitu. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kama hatangoja mpaka nifike, mwambie leo, sasa hivi ukimaliza kusoma hapa, kwamba nimeshaanza njia, hata kama hatajibu.

Umeuliza kama nimekusamehe. Sina msamaha, Mjomba. Sikunyimi. Nimeutafuta hata kwa matumizi yangu, sikuupata. Pengine mama anajua unapatikana wapi.

Nitafika Pittsburgh Ijumaa saa tisa alasiri. Usije na mtu. Usibebe maua, bendera, wala chochote cha kushika mkononi. Kutoka uwanjani hadi nyumbani ni mwendo wa saa mbili. Nakujua, utakuwa na maneno umeyatunza tangu Juni. Nakuomba uniendeshe saa hizo mbili usiniambie lolote zuri juu yangu.

Curtis